Karata na Karuta: Kijapani cha Redioni na Mwanafunzi Asiye na Mwalimu

Kwa kawaida ukurasa huu huhakiki riwaya, diwani na kamusi. Safari hii naomba radhi nihakiki kitu ambacho wengi wetu hatukihesabu kuwa ni kazi ya kuhakikiwa, yaani masomo ya lugha yanayotolewa bure kwa mtu anayejifunza peke yake, pasipo darasa wala mwalimu. Masomo yenyewe ni ya Kijapani. Yametayarishwa na NHK, shirika la utangazaji la Japani, na kutolewa katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo. Nimeyafuata mwenyewe kwa miezi kadhaa, na umri wangu ni arobaini na ushei, umri ambao ulimi umeshazoea njia zake na hautaki kuhamishwa.

Sababu ilikuwa ya kifamilia. Dada yangu aliolewa ng'ambo ya Ruvuma, Palma, na mwanawe wa kwanza ndiye aliyenitia katika shughuli hii. Kijana huyu ana lugha nyingi kuliko wanafunzi wangu wengi wa shahada. Kwa babaye wanasema Kimakwe, sokoni na ufukweni ni Kimwani na Kiswahili, shuleni alisomeshwa Kireno, na chuoni kwa maalimu alijifunza kusoma herufi za Kiarabu. Palma ilipovamiwa tarehe 24 Machi 2021 alikimbilia Pemba na mama yake, na akiwa huko, hana kazi, akaamua kujifunza Kijapani kwa simu.

Hesabu yake haikuwa ya kitoto. Mradi wa gesi wa Afungi, karibu na Palma, unaongozwa na TotalEnergies, lakini asilimia 20 ya Eneo la 1 ni ya Wajapani, yaani kampuni ya Mitsui pamoja na shirika la serikali la JOGMEC. Miongoni mwa walioingia mikataba ya kununua gesi hiyo wamo Tokyo Gas, JERA na Tohoku Electric. Kazi ilisimamishwa Aprili 2021, na tangazo la kuondoa kizuizi likaja Novemba 2025. Kijana akasema, hao wakirudi, atawapokea kwa lugha yao. Nilimwambia kwamba kwa maoni yangu Kiingereza kingemfaa zaidi. Akanijibu, "Mjomba, Kiingereza kila mtu anasema anacho." Sikuwa na jibu la kumpa.

Baada ya miezi mitatu akanipigia kuniambia ameacha. Hakusema masomo ni mabaya. Alisema kichwa chake ndicho kibaya. Kauli hiyo iliniudhi, kwa kuwa najua kichwa chake, na ndipo nikaanza kuyafuata masomo hayo mimi mwenyewe kuanzia la kwanza.

Nianze kwa haki. Mfululizo niliofuata ni ule wa Anna, msichana kutoka Thailand anayekwenda kusoma Japani. Una masomo 48, kila moja la takribani dakika kumi, lenye mazungumzo mafupi, msemo mmoja wa kushika na maelezo ya mwalimu. Baadaye ulikuja mfululizo mwingine wa Tam, msichana wa Vietnam. Kwa mtu asiye na kitu mkononi ila simu na vocha ya shilingi chache, au metikali chache kwa jamaa wa upande wa pili, hii ni zawadi kubwa. Sauti ni safi, mazungumzo ni ya watu wazima wanaoishi, wala si ya kalamu iliyo juu ya meza. Nilifurahishwa hasa na sehemu ya tanakali sauti, kwa sababu Kijapani kimejaa maneno ya aina hiyo, na ni nadra kitabu cha wanaoanza kuthubutu kuyagusa. Moyo ukidunda ni *dokidoki*, mvua ikinyesha sana ni *zaazaa*. Nani kwetu atasikia hayo asicheke kwa kutambua?

Dosari ni ya muundo, wala simlaumu mtayarishaji yeyote. Hati ni moja kwa lugha zote. Yanayoelezwa kwa Kiswahili ndiyo yanayoelezwa kwa Kireno, kwa Kiarabu, kwa Kithai. Kwa hiyo mwalimu wa redioni hawezi kumwambia Mswahili jambo ambalo Mthai halihitaji, na hawezi kumpumzisha Mswahili pale ambapo Mthai anatoka jasho. Somo limetafsiriwa kwa Kiswahili. Msemaji wa Kiswahili, kwa maana ya mtu mwenye kinywa na sikio la namna fulani, hayumo ndani yake.

Tazama sauti. Kijapani kina irabu tano, a, i, u, e, o, na silabi zake karibu zote huishia kwa irabu, kama zetu. Ina n inayosimama peke yake na kuhesabiwa pigo zima, kwa hiyo *hon*, kitabu, ni mapigo mawili, *ho-n*. Mzungumzaji wa Kiingereza huteseka hapo. Sisi tunaosema *m-tu* na *n-chi* tangu utotoni hatuhitaji hata dakika moja. Lakini Kijapani hutenganisha maana kwa urefu wa irabu, na hapa ndipo Kiswahili chetu kinapotusaliti, maana sisi huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na kuivuta bila kujijua. Neno la shangazi, au mama wa makamo, ni *obasan*. Neno la bibi, mwanamke mzee, ni *obaasan*. Mswahili akilisoma la kwanza kwa desturi ya nyumbani, anavuta *ba*, na shangazi anageuka bibi papo hapo.

Haya sikuyasoma popote. Alikuja mgeni mmoja wa Kijapani, mwanamke wa umri wangu, anayetafiti lahaja za pwani. Nikataka kumwonyesha heshima kwa lugha yake, nikamwita shangazi. Alinyamaza kidogo, kisha akacheka hadi akashika meza. Kwanza, nilimwita bibi kizee. Pili, akanieleza kwa Kiswahili safi kilichoniaibisha zaidi, hata kama ningelitamka sawasawa, mwanamke mgeni wa miaka arobaini kule kwao hafurahi kuitwa shangazi. Huitwa kwa jina lake na kuongezewa *-san*. Kwetu, kumwita mtu mzima kwa jina lake pasipo mama, shangazi au dada mbele ni ukosefu wa adabu. Makosa mawili katika neno moja, na yote mawili yalitoka katika ujuzi wangu wa Kiswahili, si katika ujinga wangu wa Kijapani. Kosa la namna hiyo mwalimu anaweza kulitabiri kabla mwanafunzi hajafungua kinywa, ila lazima awe anajua mwanafunzi anatoka wapi.

Kuna na suala la toni. Katika Kijapani cha Tokyo, *hashi* ikianza juu na kushuka ni vijiti vya kulia, ikianza chini na kupanda ni daraja. *Ame* ya kushuka ni mvua, ya kupanda ni peremende. Mimi, mtoto wa Kiswahili, sikuzisikia tofauti hizi hata baada ya kurudia mara kumi. Mpwa wangu alizisikia mara ya kwanza, kwa sababu Kimakwe cha kwa babaye ni lugha ya toni, kama ilivyofafanuliwa na Maud Devos katika sarufi yake ya mwaka 2008. Kijana aliyejiona mjinga alikuwa na sikio ambalo mhadhiri hana! Hakuna aliyemwambia.

Sarufi nayo ina utajiri wake. Kitenzi *kaku* ni kuandika. *Kakareru* ni kuandikwa. *Kakaseru* ni kumfanya mtu aandike, *kakaserareru* ni kufanywa uandike. Wanafunzi wangu wa mwaka wa pili, niliyaweka maumbo hayo ubaoni bila maelezo, nikaandika pembeni andika, andikwa, andikisha, andikishwa. Haikupita dakika, binti mmoja wa nyuma akasema kauli ya kutendesha hutangulia na ya kutendwa hufuata, kama kwetu. Katika vitabu vya Kiingereza umbo hilo huogopwa na kusogezwa mbali sana, na masomo ya redio kwa desturi hiyo hiyo hayawezi kuliharakisha. Hali kadhalika hesabu. Watu watatu ni *sannin*, vitabu vitatu *sansatsu*, vitu vitatu virefu kama miti ni *sanbon*, vya bapa kama karatasi ni *sanmai*. Mzungu huona ni maajabu. Sisi tunaosema watatu, vitatu, mitatu, tunaona ni ngeli zilizohamia kwenye tarakimu. Sisemi mifumo hii ni sawa, kwani ya kwao haigusi kivumishi wala kitenzi. Nasema mlango upo, na umefungwa kwa mtu mwenye ufunguo mfukoni.

Maneno ya kutega pia yapo, na yanafaa kuchekesha darasa. *Nani* ya Kijapani ni nini, *mimi* ni sikio, *kuni* ni nchi. Kuna na jina la mnyama dubu ambalo sitaliandika hapa, walimu wenzangu wataliona wenyewe kwenye kamusi. Kijana wa Palma hashangazwi na mitego kama hii, maana katika Kimwani *kinu* ni kitu, na *wanu piya* ni watu wote. Ameishi katikati ya maneno yanayofanana na kupishana tangu alipoanza kwenda sokoni.

Kubwa kuliko yote kwangu ni Kireno. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, na Japani mwaka 1543. Kote walikopita waliacha maneno. Kijapani huita mkate *pan*, na mpwa wangu kila asubuhi hununua *pão*. Kifungo cha shati ni *botan*, naye alijifunza *botão* darasa la kwanza. Karata za kuchezea tunazozijua sote huitwa *karuta*, neno lile lile lililotoka mahali pale pale. Masomo ya Kireno ya NHK yapo, lakini hati ni ile ile, na hata kama yangeandikwa upya yangeandikwa kwa ajili ya Mbrazili. Kijana mwenye karata ya Kiswahili mkono mmoja na *carta* ya Kireno mkono wa pili hakukusudiwa na mtu yeyote.

Kuhusu maandishi nitasema kidogo. Herufi za kana ni 46 za msingi katika kila seti, na seti ni mbili. Kanji zilizopangwa kwa matumizi ya kawaida tangu 2010 ni 2,136. Idadi hiyo inatisha. Hata hivyo pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado ni mahali ambapo masheikh wa karne ya 19 waliwaandikia maofisa wa Kireno barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na barua hizo zimehifadhiwa katika nyaka za Maputo hadi leo. Mtoto aliyepita kwa maalimu na kwa Mreno ameshabadilisha hati mara moja na hata upande wa kuanzia mstari. Si mtu wa kutishwa na hati ya tatu kwa jinsi tunavyodhani.

Wajapani wenyewe wanatuzidi hapa. Kiswahili kimefundishwa Osaka kwa miongo mingi, kwanza katika Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni na tangu 2007 katika Chuo Kikuu cha Osaka, na wana sarufi za Kiswahili zilizoandikwa kwa Kijapani kwa ajili ya Wajapani. Yule mgeni wangu hakujifunza ngeli kupitia kwa Mwingereza.

Na sisi je? Nilipofika hapa katika hoja yangu niliona haya, kwa sababu kitabu tunachokitumia katika kozi yetu ya Kiswahili kwa wageni kinaeleza kila kitu kwa Kiingereza na kwa mtu wa Kiingereza. Mwaka juzi nilikuwa na wanafunzi wawili kutoka Mocímboa da Praia, wasemaji wa Kimwani, lugha iliyo jirani mno na Kiswahili hata wataalamu wamebishana kama ni lahaja yake. Niliwakalisha majuma mawili wakijifunza kwamba nomino zina makundi. Mmoja aliacha kuja. Sikumwuliza kwa nini, nikaandika "utoro" katika daftari.

Mpwa wangu tumerudi naye mezani, kwa simu, kila Jumapili baada ya alasiri. Anaendelea kumsikiliza Anna, na baada ya kila somo mimi humpa kikaratasi kimoja kinachosema lipi tayari analo na lipi ulimi wake utamponza. Tumefika kikaratasi cha kumi na moja. Vya toni anaandika yeye, mimi nasahihisha Kiswahili tu. Wiki iliyopita alinituma nimwulize yule mgeni wetu kama *ami*, wavu, na *ami*, aina ya uduvi wadogo, hutofautiana kwa toni, kwa kuwa kamusi yake haikusema, na nyumbani kwao kimoja hakivuliwi bila kingine.