Mizani ya Mtazamaji wa Tamthilia

Mtu aliyekulia katikati ya Dar es Salaam, baina ya Mnazi Mmoja na Msimbazi, hana haja ya kufundishwa kusikiliza, kwa kuwa mji wenyewe umemzoeza tangu utotoni kupambanua maneno ya mtu anayekusudia asemayo na maneno ya mtu aliyeyahifadhi tu; mwenye duka la khanga wa Mtaa wa Uhuru akitaja bei, mnunuzi humtazama macho, humpima pumzi, akajua papo hapo kama bei ile ina nafasi ya kushuka au haina. Sikio hilo ndilo rasilimali ya kwanza ya mtazamaji wa mchezo wa kuigiza, naye aghalabu huliacha mlangoni, akaingia ukumbini kwa unyonge, akidhani kwamba sanaa ya jukwaa ina siri ambayo wenye shahada peke yao ndio waijuao. Mwongozo huu nauandika ili kumrudishia sikio lake.

Jambo la awali la kutazama ni mwigizaji aliyenyamaza. Wengi wetu humfuata kwa macho yule anenaye, nasi tukamsifu kwa sauti yake kubwa na mikono yake mepesi, ilhali daraja ya mchezo mzima imo kwa yule asikilizaye. Mwigizaji hafifu, akishatoa maneno yake, hungoja zamu: macho yake hutangatanga hadhirani kutafuta jamaa zake, na midomo yake hutikisika kidogo akiyakumbuka maneno yajayo. Mwigizaji mahiri hulipokea neno la mwenziwe kana kwamba halijapata kusemwa duniani kabla ya usiku ule. Neno likamwingia, likambadili, na katika kubadilika huko jibu lake likazaliwa. Ukitaka hakika ya jambo hili, chagua mhusika mmoja mdogo, asiye na maneno mengi, umtazame yeye peke yake kwa muda, na utajua kama mwongozaji alifanya kazi na waigizaji wake wote au aliwashughulikia wakubwa tu.

Hebu tuitwae tamthilia ya Kinjeketile, aliyoiandika Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Lindi, ikachapishwa mwaka 1969, ambayo chimbuko lake ni Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Mchezo huu haufunguliwi na ngoma wala mikuki. Unafunguliwa na akina mama wawili, Bibi Bobali na Bibi Kitunda, wakizungumza habari za uhaba wa chakula na dhiki ya shamba la Mdachi, yaani Mjerumani. Mwongozaji mwenye papara huyapitisha mazungumzo hayo mbiombio ili afike kwenye maajabu ya mtoni, anakozama Kinjeketile, mwenye kuleta maji ya vita, na watu wakamngoja ukingoni. Amekosea kosa kubwa, kwa sababu asiyeisikia njaa ya wale akina mama hawezi kufahamu kwa nini watu wazima wenye akili timamu waliyaamini maji kuwa yatazuia risasi. Ukiona mazungumzo yale yamepewa pumzi yake, mama mmoja akasema na mwenziwe akakawia kujibu kwa kuwa hana la kujibu, kaa ukijua kwamba uko katika mikono salama.

Kisha itazame shaka. Adhama ya tamthilia hii imo katika jambo moja, nalo ni kwamba aliyelileta neno mwenyewe analitilia shaka. Kinjeketile akipata fahamu na kuambiwa aliyoyatamka katika hali ya kupagawa, ya kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, anashtuka, kwa maana aona utumwa mmoja ukifukuzwa na mwingine ukikaribishwa. Mwigizaji anayemfanya Kinjeketile kuwa shujaa wa kunguruma tangu mwanzo hadi mwisho amemnyang'anya roho yake. Na mwishoni, akiwa kifungoni, anapotakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo naye akakataa, kukataa kule kunataka utulivu: ni mtu aliyelipima neno lake, akaona kwamba limekwisha kuwa kubwa kuliko yeye. Sauti ikipanda hapo, tumepoteza kila kitu.

Kuhusu matamshi, naomba niwe mkali. Kiswahili kina mkazo wake, nao hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho. Mwigizaji anayeuhamisha ili apate mngurumo, au anayemeza silabi za mwisho, ameiharibu lugha mbele ya wenyewe. Kipimo kizuri ni tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya Shakespeare, ile ya Julius Caesar aliyoitoa mwaka 1963 na kuitengeneza upya mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Katika hotuba ya Antoni mbele ya maiti ya Kaizari, usimtazame Antoni pekee. Watazame raia wa Roma waliosimama chini yake. Umati ukipiga kelele za ghadhabu tangu neno la kwanza, hotuba haina kazi ya kufanya, na balagha yote ya mtunzi imekwenda bure. Umati ukianza na ubaridi, ukaingia mashaka, ukahuzunika, kisha ndipo ukawaka moto, utakuwa umeshuhudia namna siasa zinavyotendeka.

Ipo michezo ya mtu mmoja, ambayo ndiyo mtihani mgumu kupita yote. Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, alizozitoa Hussein mwaka 1976, humtaka msimuliaji asimame peke yake bila mwenzi wa kumjibu. Humo ni sisi tunaosikilizwa, na mtambaji stadi huijua hadhira iliyochoka na hadhira iliyo tayari, akaongeza au akapunguza mwendo bila kulivunja shairi.

Mizani hiyo hiyo isipelekwe bila marekebisho kwenye maigizo ya vikundi kama Muungano Cultural Troupe, au Tanzania One Theatre iliyoanzishwa mwaka 1992 na kuongozwa na Kapteni John Komba, ambavyo katika usiku mmoja viliweza kuleta ngoma, sarakasi, taarabu na igizo. Igizo lile kwa kawaida halikuandikwa. Waigizaji walikubaliana kisa, maneno wakayaunda jukwaani. Pale mtu wa mbele akimkemea mhusika, na mhusika akamjibu kwa fasaha bila kukipoteza kisa, huo ni ustadi wa heshima. Lakini kicheko kisikudanganye. Kicheko cha mlevi anayepepesuka hupatikana kwa bei rahisi. Kicheko cha thamani ni kile ambacho ukishakitoa unajikuta umekinyamazia, kwa kuwa umeitambua nyumba yako.

Katika maleba sitakawia, ila kwa khanga. Khanga ina jina, na jina ni maneno, kwa hiyo mwigizaji aliyevaa khanga anasema hata akinyamaza. Mwongozaji aliyeijali kazi yake huyachagua majina yale kama alivyoyachagua maneno ya mchezo. Na katika mchezo wa zama za Mdachi, khanga yenye maandishi ya herufi za Kirumi ni ithibati ya uvivu, maana maandishi ya awali ya khanga yalikuwa ya herufi za Kiarabu.

Limebaki jambo linalonichoma kuliko yote, yaani mchezo unaobeba mambo ya leo. Penina Muhando aliliweza: katika Nguzo Mama ya mwaka 1982 wanawake wa kijiji wanahangaika kuisimamisha nguzo, na kila mmoja ana hoja na udhaifu wake, wala hakuna aliyewekwa jukwaani kuwa mfano tu. Siku hizi twaletewa michezo mingi ya kufundisha, ambayo mwovu wake ni mwovu tangu anapoingia na mwema wake hutuhutubia kabla ya kuondoka. Lau mtunzi angetaka kuandika habari ya ghorofa lililoporomoka hapa Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu, ningemdai kitu kimoja: mwenye jengo apewe ulimi wake mzima, hesabu zake, hofu zake na majirani wanaomhimiza, hata nami niliyeketi kitini nijisikie nikikubaliana naye, ndipo nitetemeke. Tamthilia inayompa mpinzani hoja dhaifu haikuwaamini watazamaji wake, na haistahili kuaminiwa.

Basi msomaji, ukisikia kwamba kuna mchezo, uwe pale Anatoglo Mnazi Mmoja, uwe Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, lipa kiingilio chako kwa moyo mkunjufu, keti karibu kiasi cha kuona macho ya waigizaji, na ukiisha kutazama uwaambie wazi lililo jema na lililo baya. Na kama hujapata kumwona Kinjeketile jukwaani, watake wenye vikundi wakuletee, kwa kuwa tamthilia hiyo haikuandikwa ili ikae katika mikoba ya watahiniwa.