Tabo Chini ya Buti: Gharama ya Moshi Uliopoa

Tabo inaishi kwa moshi. Moshi wa injini unazungusha turbini, turbini inazungusha shafti, na upande wa pili wa shafti hiyo kompresa inabana hewa safi na kuisukuma kwenye silinda. Ndiyo maana viwanda huiweka tabo karibu kabisa na manifoldi, moshi uifikie ukiwa na moto wake wote. BMW walikwenda mbali zaidi: mwaka 2008 injini yao ya N63, V8 ya lita 4.4, ilitoka ikiwa na tabo mbili ndani ya bonde la V, katikati ya safu mbili za silinda.

Squires Turbo Systems, kampuni ya jimbo la Utah nchini Marekani, ilielekea upande wa pili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilianza kuuza seti za kufunga tabo nyuma ya gari, pale inapokaa sailensa, huku injini ikibaki mbele. Miongoni mwa magari yaliyoipa jina ni Chevrolet Camaro na Pontiac Firebird za 1998 hadi 2002, zenye V8 ya LS1 ya lita 5.7. Anayezijua gari hizo anajua shida yake: boneti ni fupi na limeinama, nusu ya nyuma ya injini imeingia chini ya kioo cha mbele, na hata kubadilisha plagi za nyuma ni kazi ya mtu mvumilivu. Kuingiza tabo humo mbele, pamoja na bomba zake, ni kuhamisha vitu chungu nzima. Ukiitoa sailensa ya nyuma, nafasi iko wazi. Moshi unasafiri urefu wa gari, unazungusha turbini, unatoka. Hewa iliyobanwa inarudi mbele kwa bomba lingine linalopita chini ya sakafu.

Wazo lilifanya kazi, na gari hizo ziliongezeka nguvu kweli. Swali la mchambuzi ni gharama yake, na gharama ya kwanza ni joto.

Wapenzi wa mtindo huu wana hoja wanayoirudia: turbini huzungushwa na presha na mwendo wa moshi, joto halina kazi hapo, moshi ukipoa unasinyaa, basi funga nyumba ndogo ya turbini na mwendo utarudi. Nusu ya pili ya hoja hiyo ni sahihi, na ndivyo mafundi wanavyofanya. Nusu ya kwanza si sahihi. Kazi ambayo kilo moja ya moshi inaweza kuifanya ikipita kwenye turbini inategemea mambo mawili yanayozidishana: joto lake, likihesabiwa kuanzia sifuri ya Kelvin, na uwiano wa presha kati ya kabla na baada ya turbini. Ukipunguza la kwanza, lazima uongeze la pili. Nyumba ndogo ya turbini inaongeza presha kwa kuubana moshi, na anayelipa ni pistoni, inayosukuma moshi huo nje.

Tupige hesabu ya makadirio. Tuseme moshi ni nyuzi 880 za Selsiasi karibu na manifoldi na 530 ukifika nyuma, kompresa ina ufanisi wa asilimia 72 na turbini asilimia 65. Ukitaka hewa iingie injini ikiwa asilimia 40 juu ya presha ya kawaida, tabo ya mbele inahitaji presha ya moshi iwe asilimia 22 hivi juu ya ile iliyopo baada ya turbini. Tabo ya nyuma inahitaji asilimia 34. Tofauti ipo, lakini injini inaweza kuibeba. Sasa taka presha maradufu ya ile ya kawaida: mbele ni asilimia 57, nyuma ni 94. Hapo moshi wa moto unabaki ndani ya silinda badala ya kutoka, hewa mpya inapashwa joto, na injini inakaribia kugonga.

Hesabu hiyo inaeleza kwa nini LS1 ilipatana na mtindo huu. Pistoni zake za kiwandani zinabana mchanganyiko kwa uwiano wa 10.1 kwa 1, kwa hiyo tangu mwanzo haivumilii presha kubwa ya tabo. Na kwa kuwa ni lita 5.7, haihitaji kubwa. Presha ndogo tu juu ya injini kubwa ni nguvu nyingi. Eneo ambalo injini hiyo inaruhusiwa kutembea ndilo hilo ambalo hasara ya joto haiumizi sana. Mtu akichukua mafanikio hayo na kuyahamishia kwenye injini ndogo anayotaka kuibana hadi mwisho, amehamisha jibu bila swali lake.

Kuweka tabo mbali na injini kulianza zamani sana kabla ya Utah. Ndege ya kivita P-47 Thunderbolt, iliyobuniwa na Alexander Kartveli na kuruka mara ya kwanza Mei 1941, ilikuwa na injini ya Pratt & Whitney R-2800 puani, silinda 18, lita 46 hivi, na tabo ya General Electric nyuma kabisa ya rubani. Moshi ulisafiri kwa bomba hadi huko, na hewa ikaenda nyuma, ikabanwa, ikapozwa kwenye intakula, kisha ikarudi mbele. Kwa ndege hiyo umbali haukuwa hasara ya kutisha, na sababu yake ni nzuri. Katika urefu wa mita 9,000 presha ya hewa ya nje ni karibu theluthi moja ya ile ya usawa wa bahari. Bomba la moshi linatoa kwenye hewa nyembamba, hivyo turbini inapata uwiano mkubwa wa presha bila injini kubanwa kupita kiasi. Anga ilirudisha kile ambacho bomba lilikuwa limekipoteza. Gari la barabarani halina zawadi hiyo.

Lawama inayotolewa zaidi, kwamba tabo ya nyuma inachelewa kuitikia, mara nyingi inaelekezwa mahali pasipo pake. Watu hulitazama bomba refu la hewa wakasema lazima lijae kwanza. Chukua bomba la mita 4 lenye upana wa ndani wa sentimita 6: ujazo wake ni lita 11 na kidogo. Kuipandisha presha yake kwa asilimia 40 kunahitaji lita 4.5 za ziada. Injini ya lita 5.7 kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika inameza lita 140 hivi kila sekunde; kompresa ikiwa na ziada ya theluthi moja tu ya kiasi hicho, bomba linajaa ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Dereva haisikii. Lakini weka bomba hilohilo kwenye injini ya lita 1.5, kama zilivyo Toyota nyingi ndogo za Dar es Salaam na Nairobi, kwenye mizunguko 2,000. Injini hiyo inameza lita 25 kwa sekunde, na kwa ziada ileile bomba linachukua zaidi ya nusu sekunde. Hilo dereva atalisikia kila akitaka kulipita lori.

Ucheleweshaji ulio mzito zaidi uko kwenye bomba la moshi. Gari likikaa kwenye foleni, chuma cha bomba kinapoa. Ukikanyaga mafuta, moshi wa kwanza unatumia joto lake kukipasha chuma kabla haujaifikia turbini. Mapigo ya moshi kutoka kila silinda, ambayo tabo ya karibu huyatumia vizuri, nayo yamekwisha kuchanganyika na kulegea njiani. Mafundi hufunga bomba kwa kitambaa cha kuzuia joto. Kinasaidia, ila kinatunza unyevu, na bomba la chuma cha kawaida linaoza chini yake bila kuonekana. Tena bomba la mita 3 likipanda joto kwa nyuzi 500 linarefuka kwa milimita 18 hivi. Asiyeweka kiungo kinachonyumbulika atapasua viungio, na kila tundu kabla ya turbini ni presha inayopotea.

Faida nazo ni za kweli. Chini ya boneti panabaki na joto la kawaida, hivyo nyaya, hosi na betri haziokwi. Walioijua N63 wanajua joto la bonde la V limekuwa mtihani kiasi gani. Bomba refu la hewa linapoza kiasi fulani njiani, na kwa presha ndogo gari linaweza kwenda bila intakula. Kichujio cha kikemikali cha moshi kinabaki karibu na injini na kinapata joto asubuhi kabla ya tabo, jambo zuri kwa usafi wa hewa, kwa sababu tabo ya mbele hukinyang'anya joto wakati injini ni baridi. Uzito kidogo unahamia nyuma, lakini si wa kumfanya mtu abadilishe uamuzi.

Barabara ndiyo inayobadilisha uamuzi. Kichujio cha hewa kikikaa nyuma ya bampa au karibu na tairi, kinavuta vumbi linalotimuliwa na gari lenyewe. Kwenye lami safi ya Utah hilo linavumilika. Kwenye barabara ya changarawe kitaziba haraka, na chembe chache zikipenya zinakula ncha za kompresa. Tuta refu linakwangua nyumba ya tabo. Dimbwi la maji linaweza kurusha maji baridi kwenye chuma cha kusubu chenye moto mkali, nacho kikapasuka.

Kinachonitia hofu zaidi ni oili. Shafti ya tabo huweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika, na kinachoitenga na beringi ni utando wa oili. Tabo ya kawaida inakaa juu ya sampu: oili inaingia kwa presha, inatoka kwa uzito wake yenyewe, inateremka. Ya nyuma inakaa chini, sambamba na sampu au chini yake, mita kadhaa mbali. Oili haiwezi kupanda yenyewe, hivyo lazima pampu ya umeme iivute irudi injini.

Pampu hiyo ikifa, oili inaendelea kuingia bila pa kutokea. Inajaa katikati ya tabo na kupita kwenye sili: upande mmoja inaingia kwenye eksozi na kutoa moshi wa bluu, upande wa pili inasafiri na hewa hadi kwenye silinda. Sampu inapungua kimyakimya, na dereva anayetazama mbele hauoni moshi ulio nyuma yake. Anaweza kuua injini nzima kwa sababu ya pampu ndogo. Kwa hiyo fundi makini haungi pampu kwenye waya wa taa au wa redio. Anaipa fyuzi na relei yake, inayowaka pamoja na injini na kubaki ikivuta muda mfupi baada ya kuzimwa. Anaweka chujio la wavu kabla ya pampu, ili masizi yasiikwamishe. Na kwenye bomba la kurudisha anafunga swichi ya presha inayowasha taa kwenye dashibodi pindi oili inapoacha kurudi, na anamwelekeza mwenye gari kuzima injini palepale taa hiyo ikiwaka, hata kama gari linavuta vizuri.