Donge chini ya chuchu: kinachojaza nafasi ya tezi

Mwanamume aliyepunguzwa matiti hutoka hospitali akifurahia kifua chake, kisha wiki ya nne hivi anajipapasa chini ya chuchu na kukuta donge gumu, saizi ya kete ya bao. Wazo linalomjia ni kwamba titi limerudi. Mara nyingi sivyo, na maelezo yake yanaanzia kwenye meza ya upasuaji.

Titi la mwanamume likikua, tezi yenyewe hukaa chini kabisa ya chuchu, nyeupe na ngumu, na mafuta huizunguka hadi karibu na kwapa. Mafuta hutiwa kwanza maji ya chumvi yenye dawa ya ganzi na adrenalini ili mishipa ya damu ibane, kisha hunyonywa kwa mrija mwembamba wa chuma. Tezi haivutiki kirahisi hivyo. Hukatwa kupitia chale ya nusu duara kwenye ukingo wa chini wa duara jeusi la chuchu, njia iliyoelezwa na Jerome Webster wa Marekani mwaka 1946 na inayotumika hadi leo, maana kovu hujificha pale rangi mbili za ngozi zinapokutana.

Daktari mzoefu haondoi tezi yote. Huacha kisahani cha takriban sentimita 1 chini ya chuchu. Akikwangua chote, chuchu hukosa egemeo, hubonyea na kunata kwenye msuli, kasoro ambayo kuirekebisha ni kazi kubwa. Kwa hiyo sehemu ya kinachopapaswa iliachwa makusudi. Kwa maoni yangu, mgonjwa aambiwe hili kabla hajatia saini fomu ya upasuaji.

Pembeni ya kisahani hicho pamebaki nafasi kati ya ngozi na msuli, na mwili lazima uijaze. Siku ya kwanza cha kuogopa ni damu. Upande mmoja unavimba ghafla, unakaza, unauma kuliko mwenzake. Hapo hakuna kusubiri kliniki ya Jumatatu. Mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji, damu ikatolewa na mshipa ukazibwa. Uvimbe wa kawaida huwa pande zote mbili, hufika kilele siku ya pili au ya tatu, halafu huanza kushuka.

Baadaye huja majimaji ya manjano. Ukibonyeza, unahisi yakihama chini ya vidole. Yakiwa machache mwili huyafyonza. Yakiwa mengi hutolewa kwa sindano, pengine zaidi ya mara moja. Fulana ya kubana, ambayo madaktari wengi huagiza ivaliwe usiku na mchana kwa wiki 4 hadi 6, huibana ngozi ishikane na msuli ili majimaji yakose pa kukaa. Kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari fulana hiyo ni adhabu, na si ajabu watu kuivua mapema. Afadhali kununua mbili, moja ikifuliwa nyingine iwe mwilini.

Donge gumu la wiki ya nne, basi, kwa kawaida ni kovu la ndani. Kolajeni, yaani nyuzi za kovu, hutandazwa harakaharaka bila mpangilio, ikakaza, kisha hupangwa upya na kulainika taratibu kwa miezi kadhaa, pengine hadi mwaka. Kukanda husaidia, daktari akisharuhusu. Likikaidi, huchomwa sindano ya triamsinoloni, ambayo ikizidi huacha kishimo. Kukimbilia kisu mapema ni kukata kovu ili kuleta kovu jingine.

Linalotia shaka ni donge linaloanza kukua baada ya miezi ya kupungua. Huenda chanzo cha titi kukua bado kipo: steroidi za kujenga misuli, spironolaktoni ya moyo na ini, au efavirenzi, dawa ya VVU iliyotumika sana Afrika Mashariki kabla ya dolutegraviri. Mara chache sana huwa saratani. Takriban asilimia 1 ya saratani za matiti huwapata wanaume, na hiyo ni sababu mojawapo ya tezi iliyokatwa kupelekwa maabara. Majibu ya kipande hicho yadai na uyatunze, kwa sababu daktari atakayepapasa donge jipya atayauliza kabla ya kitu kingine chochote.