Nimeingia Nyumba Mpya ya Nakwa, na Bado Siamini

Jamani, nimeiona! Ile nyumba ya Nakwa, hapa Babati, iliyokuwa gumzo la mafundi tangu ikiwa msingi sasa imepauliwa, imewekwa milango, na nimeingia ndani saa nane mchana, jua la Februari likiwaka. Wenyewe hawajahamia, umeme haujaunganishwa, feni hakuna. Sebuleni ni ubaridi mtupu! Nimeweka kiganja ukutani nikakiacha hapo, nikasikia ubaridi unapanda mpaka kwenye kiwiko. Kisha nikatoka nje, nikagusa kibanda cha mabati kilichobaki cha kutunzia vifaa, nikautoa mkono mara moja.

Nianze na tofali, maana hapo ndipo roho yangu iliponasa. Ni tofali za udongo za kufungamana, zile zinazohimizwa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, NHBRA. Udongo umechimbwa hapo hapo kiwanjani, ukachekechwa, ukachanganywa na saruji kidogo, ukashindiliwa kwa mashine ya mkono, halafu tofali zikafunikwa na kumwagiliwa maji mpaka zikakomaa. Hazikuchomwa! Aliyekulia Babati anajua tanuru moja la tofali linavyokula magogo, na anajua yale magogo yanatoka wapi. Hapa hakuna hata gogo moja lililowashwa.

Niliomba nishike moja. Urefu sentimita 30, upana 15, kimo 10, ukingo wake umenyooka kama umekatwa kwa rula. Juu lina vinundu, chini lina vishimo vya kuvipokea vya mwenzake. Unalishusha, linakaa, fundi analigonga mara moja kwa nyundo ya mpira, basi. Mita moja ya mraba ya ukuta inachukua tofali 33 au 34, na kati ya tofali na tofali hakuna mota. Saruji ya mota imeokolewa. Ya lipu nayo imeokolewa, kwa sababu ukuta umeachwa na rangi yake ya udongo, na ni mzuri kuliko rangi yoyote ya dukani. Nasema hivyo bila kusita.

Sasa sogea nyuma uitazame nyumba ilivyokaa. Imelala mashariki kwa magharibi: kuta ndefu zinatazama kaskazini na kusini, kuta fupi zinapokea jua la asubuhi na la jioni. Ukuta wa magharibi hauna dirisha hata moja. Upande huo wamepanga stoo na bafu. Babati iko nyuzi 4 na kidogo kusini mwa ikweta, kwa hiyo adhuhuri ya mwezi wa sita jua linaegemea kaskazini kama nyuzi 28, na Desemba linahamia kusini kama nyuzi 19. Kenchi zimerefushwa, upenu ukatoka sentimita 90 nje ya ukuta. Pigeni hesabu wenyewe: hata ile adhuhuri ya Juni, kivuli kinashuka zaidi ya mita moja na nusu na kulifunika dirisha lote. Sentimita 90 za bati na mbao zinafanya kazi ambayo mjini watu wanailipia umeme kila mwezi!

Bati ni za msauzi, rangi ya maziwa, si zile nyeusi zinazopendwa siku hizi. Chini ya upenu kuna matundu yenye wavu, na mengine yako juu kabisa kwenye pembetatu ya ukuta. Hewa ya moto iliyonaswa kati ya bati na dari inatokea juu, ya baridi inaingia chini. Usiku hali inageuka. Ukuta wa udongo huchelewesha joto kwa saa kadhaa, kwa hiyo joto la mchana huanza kufika ndani pale baridi ya jioni inapoanza kuuma. Nataka kurudi Julai, usiku, nione.

Wazee wa Kigorowa na Kiiraqw wangeielewa nyumba hii bila kuelezwa. Tembe zao, nyingine zikichimbiwa kwenye mteremko na kufunikwa paa la udongo, zilishika joto usiku na kukataa jua mchana. Tulipoziacha tukakimbilia bati tupu bila dari, tuliacha na ile akili.

Wapo watakaoniambia mfano bora uko Mtwara, na kweli Mtwara wametuonyesha jambo kubwa. Familia 110 zilipewa kwa bahati nasibu nyumba za ghorofa moja zilizosanifiwa na kampuni ya usanifu majengo ya Ingvartsen ya Denmark: vyumba vya kulala juu, kuta za wavu, jiko lisilojaza moshi, choo kizuri, maji ya mvua. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025: kwa watoto wa nyumba hizo malaria ilipungua kwa asilimia 44, kuhara kwa asilimia 30, magonjwa ya njia ya hewa kwa asilimia 18. Nyumba, ndugu zangu, imefanya kazi ya dawa! Lakini ukuta wa wavu ukiuleta Nakwa mwezi wa saba, watoto watatetemeka mpaka asubuhi. Nakwa imechukua kinachofaa: wavu kila tundu, jiko lenye dohani, choo kinachofunikwa, gata kuzunguka paa lote. Mvua ya milimita 10 kwenye paa la mita za mraba 100 ni karibu lita 1,000. Tanki tayari limekaa kwenye jukwaa lake.

Ninachokitamani bado ni gesi ya samadi. Ng'ombe wapo hatua chache tu, na CAMARTEC ya Arusha imekuwa ikijenga mitambo hiyo kwa miaka mingi. Wenye nyumba wameshaacha nafasi ya shimo nyuma ya jiko.

Na wewe mwenye boma ambalo halijafika lenta, usimruhusu fundi aendelee kesho. Mwambie aache matundu ya hewa juu, arefushe kenchi mpaka sentimita 90, na dirisha la magharibi alizibe kabla hajapaua.