Fani ya Kadi ya 10073

Hati fupi kuliko zote katika majalada ya Mradi wa Blue Book ndiyo iliyobeba hukumu. Ni kadi ya ukurasa mmoja, yenye namba 10073 kichwani, ambayo Jeshi la Anga la Marekani liliijaza kwa taarifa za watu walioona angani kitu wasichokitambua. Taarifa za tangu 1947 hadi mradi ulipofungwa mwaka 1969 zilifikia 12,618, na 701 zikabaki bila maelezo. Wengi huzipekua kadi hizi wakitafuta wageni wa sayari nyingine. Mimi nazisoma kwa jicho la fani: nani amepewa nafasi ya kusema, na kauli yake inaishia wapi.

Kabla ya kadi kulikuwa na hojaji, na hojaji ile ilikuwa na ukarimu. Kapteni Edward Ruppelt, mkuu wa kwanza wa mradi, alitaka mashahidi wote waulizwe maswali ya namna moja. Je, kitu kilisimama tuli? Kiliongeza kasi ghafla? Kilitoa moshi? Kilibadili umbo? Kisha linakuja swali ninalolipenda kuliko yote: ungenyoosha mkono, ni kitu gani mkononi mwako kingelingana nacho kwa ukubwa? Shahidi anachagua kati ya kichwa cha pini, punje ya njegere, sarafu, balungi, mpaka mpira wa kikapu. Huo ni utunzi wa hali ya juu. Mtu asiyejua umbali wa kitu hawezi kujua upana wake. Ukimdai mita, unamlazimisha kubuni. Swali hili linamdai kile tu ambacho jicho lake lilikipata. Hata nafasi ya kuchora amewekewa.

Kwenye kadi, msimulizi huyo anatoweka. Kisanduku cha 10 kinataka muhtasari, basi maelezo marefu yanakatwa yakawa mistari michache kwa lugha ya telegramu. “Niliona” inageuka habari za mtu fulani asiye na jina. Woga, mshangao, mke aliyeitwa atoke nje aje ashuhudie: vyote havina kisanduku.

Kisanduku cha 12 ndicho kiini. Katika kadi za miaka ya 1950, hitimisho limepangwa kwa ngazi tatu: ilikuwa puto, yaelekea ilikuwa puto, huenda ilikuwa puto. Mpangilio huohuo unarudiwa kwa ndege, kisha kwa nyota na sayari. Nauheshimu urudiaji huu, kwa kuwa unakiri kwamba uhakika una viwango. Lakini angalieni mkia wa orodha: “taarifa hazitoshi” na “haijulikani” zimekaa jirani, ilhali kimaana ziko mbali mno. Ya kwanza inamtwika shahidi upungufu. Ya pili inamtwika mchunguzi. Tena mchunguzi alikuwa na sababu ya kuikwepa ya pili, kwani kanuni za Jeshi la Anga zilizitaka kambi zipunguze asilimia ya visivyotambuliwa kadiri iwezekanavyo.

Kosa kubwa linatokea nje ya kadi, kwenye majumlisho. Humo “huenda” na “yaelekea” zinahesabiwa pamoja na “ilikuwa”, zote zikaitwa vilivyotambuliwa. J. Allen Hynek, mwanaastronomia aliyelishauri jeshi kwa miaka ishirini hivi, alikuja kulilalamikia jambo hili waziwazi, na alikuwa na haki. Zile 701, ikiwamo taarifa ya askari polisi wa Socorro, New Mexico, ya mwaka 1964, ni masalia ya fani hii ya kujumlisha sawa na zilivyo masalia ya anga. Anayezitangaza kuwa ushahidi wa wageni, na anayezidharau kwa uchache wake, wote wanaisoma jumla bila kuisoma kadi. Kazi iliyobaki ni kurudi kwenye kisanduku cha 12, kadi kwa kadi, na kuzihesabu upya ngazi zote tatu, kila moja kwa safu yake.