Hirizi ya Mwana Kupona na Khofu za Zama Zetu



Wazee wengi wa pwani wakisikia mtoto wao amehamishiwa kazi Sumbawanga, hawaanzi kuuliza baridi ya huko wala bei ya unga. Huanza kuuliza hirizi. Sifa ya uchawi imeutangulia mji huu mbali sana, hata wako wasemao kuwa jina lake maana yake ni "tupa uchawi". Mimi nasomesha watoto hapa Mpui, katika njia itokayo Sumbawanga kwenda Tunduma, na maombi ya namna hiyo hunifikia. Mzazi ataka kitu cha kumfunga mwanawe mkononi, ili na yeye apate usingizi. Khofu yake siicheki, kwani mwana ni ini. Ninalolitilia shaka ni hiyo dawa.

Kwa sababu hiyo nakuomba tuutazame upya utungo ambao majumba yetu yaujua: Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1275 Hijria, yaani 1858. Sisi tumeufanya kitu cha arusi. Husomewa biharusi, kisha ukarudishwa sandukuni. Na wanaoulaumu huusoma vivyo hivyo, wakasema ni maneno ya kumtii mume tu. Pande zote mbili zimeruka mlango wake.

Utendi waanza kwa mama mgonjwa. Maradhi yamemshika mwaka mzima. Amwita binti yake asogee na wino na karatasi, kisha amwambia kuwa atampa hirizi ya kujifunga. Zingatia, msomaji, ni nani asemaye hayo. Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siu, aliyefariki mwaka 1856 baada ya miaka ya ugomvi na vita baina ya Siu na Unguja. Baba hayupo, mama yu kitandani, na nchi haina utulivu. Kama yuko mzazi aliyekuwa na udhuru wa kumfunga mwanawe karatasi ya siri, basi ni huyu.

Sasa tuifungue hirizi yake. Ndani hamna miraba wala majina yasiyosomeka. Mna kushika dini, adabu, ulimi wa kweli, kuwa mwaminifu, kuepukana na watu wa upuuzi, na kuiweka nyumba safi. Yote ni mambo ya kila siku, na yote yamo katika uwezo wa mtoto wa kike aliyebaki peke yake. Huu ndio ubora wa utendi huu, nao ni mkubwa kuliko uzuri wa vina vyake. Mama ameiona khofu yake wazi, wala hakumrithisha binti khofu hiyo. Amemrithisha kazi. Vita havimo katika maneno yake, kwa kuwa binti hakuwa na la kufanya juu ya vita. Lililokuwa mkononi mwake ni namna atakavyoamka kesho asubuhi.

Lakini mhakiki hana ruhusa ya kusifu tu. Utendi huu una pungufu, nalo si dogo. Sehemu yake kubwa yamhusu mume: kumridhi, kumtunza, kutaka radhi zake. Je, asiye na mume? Aliyefiwa, aliyeachwa, au ambaye mume wake amekosa kazi miezi sita? Mwana Kupona mwenyewe alikuwa mjane alipotunga, na alijua mjane huishije, hilo hakulifundisha. Alikuwa mwanamke wa nyumba kubwa, na chakula cha mwakani hakikumshughulisha kama kinavyowashughulisha wasomaji wake wengi leo.

Pungufu hili naliona zaidi nikiwatazama wakulima wa Ufipa. Nchi hii ya juu ni ya majani, miti ni haba. Wafipa tangu kale wana kilimo chao cha ntumba. Mvua zikielekea kwisha, udongo ukali laini na majani mabichi, hupindua majani hayo na udongo wake wakafanya vichuguu. Majani huoza humo ndani. Mvua nyingine zikija, huvibomoa na kuutandaza ule udongo ulioshiba, wakapanda ulezi. Mwenye kuingoja njaa ndipo ashike jembe amechelewa miezi mingi. Na sisi tuna kisa cha Nabii Yusuf, aliyewaamuru watu wa Misri wayaweke mavuno katika mashuke yake kabla ya miaka ya ukame. Yeye ni Mtume, na tawakkul yake haina shaka, lakini hakuiacha ghala.

Basi nashauri hivi. Utoe utendi huu katika sanduku la arusi. Msomee binti kabla hajaposwa, na msomee mvulana pia, kwani ulimi wa kweli na nyumba safi si wajibu wa wanawake peke yao. Ukifika mahali pa mume, simama, uongeze ambalo mama yule hakulisema: kazi ya mkono, akiba japo kidogo, deni liandikwe, na jirani ajulikane kwa jina kabla ya siku ya kumhitaji.

Na wewe unayekesha kwa habari za simu, bei za vitu na mtoto aliye mbali, chukua wino na karatasi kama alivyofanya mgonjwa yule wa miaka mia na zaidi iliyopita. Umwandikie mwanao mambo matano awezayo kuyafanya kesho. Usiyakunje wala usiyashonee ngozi. Mpe yakiwa wazi, ayasome.

Wabillahi tawfiq.