Hati ya Watafiti wa Ulaya: mafunzo mengi, kontra fupi

Tuko wengi tunaotafuta burse ya doktora Ulaya. Tangazo likiingia kwenye grupu la WhatsApp, watu wanauliza mambo mawili: pesa ni ngapi kwa mwezi, na mwisho wa kutuma dosie ni lini. Mimi ninataka tusome karatasi ingine, ile ambayo vyuo vikuu vya kule vinasema vinaifuata vinapochukua mtafiti. Inaitwa Hati ya Ulaya ya Watafiti. Ina mambo mazuri, lakini kuko mahali inapokwepa, na pale ndipo sisi tutaumia.

Historia yake haiko ndefu. Tarehe 11 mwezi wa 3 mwaka 2005, Tume ya Ulaya ilitoa Hati hiyo pamoja na Kanuni za Kuajiri Watafiti, jumla kanuni 40. Tarehe 18 mwezi wa 12 mwaka 2023, Baraza la Umoja wa Ulaya lilipitisha pendekezo jipya lenye Hati mpya ndani yake, sasa kanuni 20. Neno «pendekezo» mulishike vizuri. Siyo sheria. Hakuna mtu atakayekwenda mbele ya juji na Hati hii mkononi peke yake akashinda.

Nianze na sifa, juu inazo. Hati ya 2005 ilisema kwamba mtu akishaanza kazi ya utafiti, hata kama ndiyo kwanza anaandika teze, atambuliwe kama mtu wa fani, hata nchi yake ikimwita mwanafunzi, mfanyakazi ao jina lingine. Kwenye ngazi nne ambazo Ulaya inatumia, R1 mpaka R4, mtu wa doktora yuko R1: ni mtafiti wa hatua ya kwanza, hayuko mtoto wa kubebea profesa mkoba. Kwetu asistanti anaweza kuzeeka akisahihisha kopi za mtihani, na hakuna anayemwita mtafiti. Hati inataka pia nafasi za kazi zitangazwe wazi, kuwe na mahali pa kupeleka malalamiko, na mtu asipimwe kwa kuhesabu tu makala zake. Hapo sina ugomvi nayo.

Ugomvi unaanza kwenye kontra. Hati ya 2005 ilikubali kwamba kazi isiyokuwa na uhakika inaharibu utafiti, ikaomba waajiri wajitahidi kuleta uhakika huo, lakini kadiri iwezekanavyo. Maneno hayo mawili yana kazi kubwa kuliko kanuni zote 40. Chuo kikisema «hatukuweza», kimeshatimiza Hati.

Kisha kuko alama, ile nembo ya «HR Excellence in Research» ambayo vyuo vinaweka chini ya tovuti yao. Ili kuipata, chuo kinalinganisha desturi zake na Hati, kinaandika mpango wa kurekebisha kasoro, kinautangaza, na baadaye wakaguzi wanakuja kuona kama mpango unatembea. Ni kazi ya kweli, siidharau. Lakini kinachopimwa ni mwendo wa mpango. Hakuna hesabu inayosema kwamba chuo kikiwa na watafiti wengi kupita kiasi fulani kwenye kontra za muda, kinanyang'anywa nembo. Basi chuo kinaweza kufungua ofisi ya kusaidia watafiti, kuandaa mafunzo ya uongozi, kutafutia kila kijana mshauri, na kupata nembo yake, na kijana mwenyewe bado anasaini kontra ya mwaka mmoja.

Ujerumani ndiko jambo hili lilitoka wazi. Kuko sheria ya 2007 inayoruhusu chuo kumweka mtafiti kwenye kontra za muda mpaka miaka 6 kabla ya doktora, na mingine 6 baada yake. (Kwenye udaktari wa tiba, baada ya doktora ni 9.) Wizara ya Elimu na Utafiti ilitengeneza video ya katuni kueleza uzuri wa sheria hiyo. Ndani yake kuko msichana Hanna, mwanabiolojia anayefanya doktora. Video ilieleza kwamba kontra za muda zinasaidia ili kizazi kimoja kisizibe nafasi zote. Kuziba, kama takataka kwenye mfereji! Mwezi wa 6 mwaka 2021, Amrei Bahr, Kristin Eichhorn na Sebastian Kubon walianzisha kwenye Twitter neno #IchBinHanna, maana yake «Mimi ni Hanna». Maelfu ya watafiti wakaandika majina yao, umri wao na idadi ya kontra walizosaini. Wizara ikaondoa video. Sheria yenyewe ilibaki. Mswada wa kuirekebisha uliletwa 2024, lakini muungano wa serikali ukavunjika mwezi wa 11 mwaka ule kabla mswada haujapita.

Mimi ninaona video ile ilikuwa na ukweli kuliko Hati. Ilisema kwa sauti kile ambacho Hati inafunika kwa adabu: mfumo unahitaji watu wapite, wasibaki. Na ukishajua hivyo, msaada wote ule unabadilika sura. Ulaya imetengeneza hata orodha ya ujuzi wa mtafiti, ResearchComp, yenye ujuzi 38. Uingereza, ambayo imeshatoka kwenye Umoja, ina makubaliano yake, na toleo la 2019 linasema mtafiti apewe siku 10 kila mwaka za kujiendeleza. Vizuri. Lakini siku 10 kwa mwaka ndani ya kontra ya miaka miwili, ni siku 20 za kujifunza namna ya kuondoka. Shida ya nafasi imegeuzwa shida ya mtu: ukikosa kazi, pengine ujuzi wako namba 27 haukutosha.

Mimi nilisomea kilimo, na ninaona hapa jambo tunalolijua Bushi. Mwenye kalinzi ana haki ya shamba mpaka kwa watoto wake. Mwenye bwasa amepewa shamba kwa muda tu. Huyu wa bwasa hapandi kahawa wala migomba, na haruhusiwi; anapanda maharagwe avune aondoke. Unaweza kumpa mafunzo ya kulinda udongo kila juma, hatachimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko kwa faida ya mtu mwingine. Mtafiti wa kontra ya miaka miwili naye anachagua swali la maharagwe. Yale maswali yanayodai miaka kumi, kama udongo, misitu ao aina mpya za mbegu, nani atayashika?

Kuko wenye kujibu kwamba bila kontra za muda, wazee watakalia viti mpaka kufa na vijana hawataingia. Sisi Wakongo hatuwezi kucheka jibu hilo, tunawajua wazee hao. Lakini angalieni nani analipa. Profesa hazunguki, anayezunguka ni kijana tu.

Na kijana mgeni analipa mara mbili. Kontra ya Hanna ikiisha, Hanna anatafuta kazi kwao. Kontra ya mwenzetu aliyetoka Uvira ikiisha, karatasi zake za kukaa nazo zinaanza kuhesabiwa siku. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2016 inampa mtafiti mgeni miezi isiyopungua 9 ya kutafuta kazi baada ya utafiti wake. Ni afadhali kuliko sifuri, lakini mashindano ya kazi za utafiti yanaweza kumaliza miezi hiyo kabla jibu halijakuja.

Tena, hatuingii wote kwa mlango mmoja. Uholanzi, kwa kawaida mtu wa doktora ni mfanyakazi wa chuo mwenye mshahara. Kwenye mitandao ya doktora ya Marie Skłodowska-Curie, chuo kinatakiwa kukuajiri kwa kontra, na uraia wowote unakubaliwa, mradi usiwe umeishi nchi ile zaidi ya miezi 12 ndani ya 36 iliyopita. Ubelgiji, wengi wako kwenye burse isiyokatwa kodi lakini inayolipiwa usalama wa jamii. Na kuko burse inayotoka nje ya chuo kabisa, nusu ya muda huku nusu kule. Huyu wa mwisho, kwenye Hati ni mtafiti R1 kama wengine. Kwenye orodha ya wafanyakazi wa chuo anaweza asionekane popote: hana likizo ya uzazi ya kontra, hapigi kura ya wafanyakazi, na teze ikichelewa mwaka mmoja hakuna anayelazimika kumwongezea. Hati haijali tofauti hiyo kwa maneno, na kwa hiyo haijali kuiondoa.

Basi kabla ya kuuliza pesa ni ngapi, andika kwa profesa swali hili: nitakuwa mfanyakazi wa chuo ao mwenye burse, na muda ukiisha kabla ya teze nani atalipa? Na kama chuo kina ile nembo, mpango wao uko wazi kwenye tovuti, juu nembo inawalazimisha kuuweka pale. Ufungue, tafuta sehemu ya kontra, uangalie kama mbele yake kuko idadi na tarehe, ao ni «tutaendelea kujitahidi».